Maoni ya Nanzala

Nasike aliutuma ujumbe ule Jumatano, baada ya kuusoma mara tatu. Uliwaendea majirani arobaini wa Kiplombe. "Mimi ni Nasike wa marehemu Nanzala. Nawaalika Jumamosi saa nne, ukumbi wa kanisa. Tafadhali kila mtu aje tayari kutoa maoni kuhusu pendekezo la kuhamisha soko letu." Hakukumbuka kwamba wengi wao wana simu za kabambe, zile ndogo za vitufe, ambazo hukata ujumbe mrefu zinapotaka. Kwao ujumbe uliishia kwenye neno "kutoa".

Kwa hiyo Jumamosi Mama Mideva alikuja na pakiti ya sukari. Mzee Kimutai alibeba mtungi wa maziwa. Mtu fulani alileta kuku mwekundu aliyefungwa miguu, akamweka chini ya meza ya mbele, na kuku akatulia pale kama mgeni wa heshima. Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu Nanzala azikwe. Binti yake amewaita watoe, nao walielewa walivyoelewa.

"Nasike," alinong'ona Dennis, mwanafunzi mwenzake aliyekuja kumsaidia, "hiki si kikao cha umma. Haya ni matanga."

"Nimeona."

"Na Daktari ameshafika."

Dkt. Nderitu alikuwa ameketi nyuma kabisa, karatasi ya alama juu ya goti. Yeye ndiye mhadhiri aliyewafundisha jinsi serikali inavyopaswa kuwasikiliza wananchi kabla ya kuamua jambo. Zoezi lenyewe lilikuwa rahisi kuelezwa: wanafunzi wajifanye maafisa wa kaunti, wapeleke pendekezo kwa wakazi halisi, na wakazi wahoji, wapinge, warekebishe. Kikao ambacho watu wote wamekubali, alizoea kusema, ni makofi tu, na makofi hayana alama. Wenzake Nasike walifanya zoezi hili mwaka uliopita, wiki ile ile aliyokuwa nyumbani akimzika mama. Hii ilikuwa nafasi yake ya pili na ya mwisho. Akianguka, hangehitimu nao mwezi wa Desemba.

Na mama alikuwa ameshawatangazia wateja wake wote. "Binti yangu anasomea Sera za Umma chuo kikuu," alikuwa akisema kibandani pake sokoni, huku akifunga mafungu ya mboga za managu. Wakimuuliza hiyo ni kazi gani, alikuwa na jibu: "Ni kujua ni nani aliyeamua wewe usipate maji."

Mama Mideva alianzisha wimbo wa kanisa, wakauimba wote mpaka ubeti wa mwisho. Kisha Nasike akasimama, akalisoma pendekezo: soko la mboga litoke pale karibu na shule, lipelekwe kando ya lami. Akaeleza faida zake. Akauliza kama kuna mwenye swali.



"Tumekubali, mwanangu," alisema Mama Mideva kwa upole.

"Mama, hamna hata swali moja?"

"Swali la nini? Wewe umefiwa, halafu tukuje hapa kukusumbua na maswali? Sisi si watu wa hivyo."

"Tunaunga mkono," alisema Mzee Kimutai, na vichwa vyote vikatikisika. Kule nyuma Dkt. Nderitu alifunika kalamu yake.

Dennis aliinamisha kichwa. Nasike aliziangalia karatasi zake. Maswali yote ya kitaalamu yalikuwa mle ndani, yamepigwa chapa, na hata moja halikuwa na maana kwa watu hawa waliomjia na sukari. Akaziweka mezani.

"Sawa," alisema. "Mama angekuwa hapa leo, angesema nini?"

Mama Mideva akaguna, halafu akacheka. "Nanzala? Nanzala angesimama pale kwa mlango, mkono kiunoni, akuulize nani amekudanganya managu inauzwa kwa gari. Wateja wetu ni wamama wanaotoka kusaga unga posho mill na miguu yao. Huko kwa lami angemuuzia nani, dereva wa trela?"

"Si kweli," alisema Mzee Kimutai.

"Mzee, wewe uliwahi kuuza mboga?"

"Nilikuwa nanunua. Kila Jumanne. Kuna siku mvua ya mawe ilimpata njiani, akajikinga kwa stoo yangu. Akaniambia magoti yamemshinda na matope ya hapo shuleni. Hata kesho angehama, lakini kwanza wajenge choo. Alisema mama wa miaka hamsini hawezi kukaa asubuhi mpaka jioni akijizuia kama ngamia."

Ukumbi mzima ulicheka. Nasike pekee hakucheka.

"Magoti?" aliuliza.

"Hukujua?"

"Hakuniambia."

"Angekuambia," alisema Mama Mideva, sasa kwa sauti ya chini, "ungeacha masomo ukuje kukaa kwa kibanda. Tulimjua. Na wewe tunakujua."

Nasike aliinama, akaandika: *choo kwanza*. Mwaka mzima alikuwa akimkumbuka mama kwa mambo yale yale, na kumbe yalikuwapo mengine, yamehifadhiwa kwa watu.

"Na mimi napinga," ilisikika sauti ya Chelimo, mama kijana aliyekuwa akimnyonyesha mtoto karibu na dirisha. "Na ni mimi nasema, si Nanzala. Wenye vibanda mnahamishwa na vibanda vyenu. Sisi tunaouza chini kwa gunia, tumeandikwa wapi?"

Hakuna mahali walipokuwa wameandikwa. Dennis alitafuta kurasa zote, akakiri hivyo, wakamzomea kwa furaha. Kutoka hapo hakuna aliyengoja ruhusa. Mmoja alitaka taa, mwingine maji, wawili wakagombania upande wa kivuli, na Dennis akaandika mpaka vidole vikamuuma.

Walipomaliza, Dkt. Nderitu alikuja mbele, akaipitia orodha.

"Maoni yote lazima yawe na jina na sahihi ya aliyeyatoa," alisema. "Hapa kwenye choo umeandika Nanzala. Marehemu hawezi kutia sahihi."

"Kwani sisi tumekufa?" aliuliza Mama Mideva. Akaichukua kalamu mkononi mwa Daktari, akatia sahihi. Akampa Mzee Kimutai. Kalamu ikazunguka ukumbi mzima, ikarudi ikiwa imepita kwa watu ishirini na mmoja.

Daktari alizihesabu sahihi. "Umepita," alimwambia Nasike. "Lakini pendekezo lenu halina choo wala watu wa magunia. Nenda ulirekebishe, ulete Jumatatu."

"Asante, Daktari."

Daktari alipotoka, Dennis alianza kupanga viti. Wamama walikuwa wameshawasha jiko kule nje. Nasike hakwenda kusaidia. Alifungua ukurasa mpya katika daftari lake, akavuta kiti karibu na Mzee Kimutai.

"Mzee, kuna kitu kingine alikuambia?"

"Vingi," alisema Mzee.

"Hata mimi," Mama Mideva alidakia kutoka mlangoni, na Chelimo akaanza kusema wakati huo huo.

Nasike aliinua mkono. "Mmoja mmoja," alisema, akaanza kuandika.