Taa Tatu za Kijani

Nianze na vile visanduku, maana nilivitukana miezi miwili mizima na leo naviomba radhi.

Vilikuwa vitatu, vyeupe, kila kimoja ukubwa wa bakuli la uji. Mume wangu alivileta nyumbani meno yote nje. "Hivi vinapokezana," akaniambia. "Kimoja sebuleni, kimoja kwenye korido, kimoja chumbani kwako. Mtandao utaenea nyumba nzima kama harufu ya vitunguu." Aliviunganisha mwenyewe kwa simu yake, nami nikamshukuru sana. Mjinga mimi!

Chumba chenyewe kilikuwa cha binti yetu kabla hajaolewa. Kiko mwisho wa korido, kina dirisha moja na mlango unaofungika vizuri, na humo ndimo nilimoanzia kazi ya ukalimani wa hospitali. Daktari yuko kwenye skrini, mgonjwa yuko naye, hawaelewani hata neno. Mimi niko nyumbani na vifaa vyangu vya masikioni, nawaunganisha. Kazi hii ina sheria mbili. Huongezi wala hupunguzi. Na unasema kama yule unayemsemea: mgonjwa akisema kichwa kinamuuma, nami nasema, "Kichwa kinaniuma."

Kwa sisi wa majaribio kulikuwa na sheria ya tatu. Ukikatika mara tatu katikati ya mazungumzo, unaondolewa kwenye orodha. Na mtandao wa simu hawautaki, wanasema hauaminiki. Haya, niliutegemea huo wa kuaminika.

Mwezi wa kwanza tulikuwa kwenye mafunzo, kukatika hakukuhesabiwa, na nashukuru Mungu, kwa sababu kile kisanduku cha korido kilinitoa roho. Leo kinaongea, kesho kimenuna. Taa yake ikiwa ya kijani najua niko salama. Ikigeuka nyekundu najua nimekwisha. Nilikiweka juu ya kabati, nikakishusha kwenye kiti, nikakihamisha mbali na friji. Nikipiga simu huduma kwa wateja wananijibu lile lile: zima, subiri dakika moja, washa. Nimezima na kuwasha hadi nikaota kidole kikiwa kwenye swichi.

Mwishowe akaja fundi wa mtandao, kijana wa miraba minne tunayemwita Ngazi kwa sababu haendi popote bila ngazi yake. Akakitazama kisanduku cha korido, akasonya, akakibadilisha. Tangu siku hiyo taa zote tatu zikawa za kijani, asubuhi hadi jioni. Nikasema basi, mateso yamekwisha.

Wiki ya pili ya kazi yenyewe nikakatika, mzee wa watu akieleza maumivu ya kifua. Wiki ya tatu nikakatika tena. Dakika saba au nane, halafu mtandao unarudi kama hakuna kilichotokea.

Mume wangu ni fundi wa lifti, zamu yake huanza mchana, kwa hiyo asubuhi yuko nyumbani. Mara zote mbili alinikuta nimejiinamia mezani, akaniletea chai na kunishika bega. "Pole, mke wangu. Usijiumize. Kazi gani hii ya kukutoa machozi kila wiki?" Nilimpenda kwa chai ile. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndiyo kweli. Nilijisemea, wenzangu wana waume wa kuwacheka, mimi nina wa kunifuta machozi.

Jumanne saa nne asubuhi nikapewa mama mwenye mtoto wa miezi tisa. Mtoto ana homa siku ya tatu, mama sauti imemkauka. Daktari alikuwa na haraka. Akainua chupa mbili, akasema, nami nikaanza kumwambia yule mama, "Dawa ya chupa hii ndogo usimpe mtoto pamoja na..."

Skrini ikaganda. Yule mama alibaki pale, mdomo wazi, akinitazama.

Jamani! Nilipiga kelele. Nikatoka mbio hadi kwenye korido kukipiga kofi kile kisanduku, na mkono ukanibaki hewani. Taa ilikuwa ya kijani. Nikakimbilia sebuleni: ya kijani. Nikarudi chumbani: ya kijani. Na mimi nimekatika! Mume wangu alikuwa kwenye kochi na simu yake. "Imekata tena?" akauliza. "Pole sana." Akaenda kubandika chai.

Mtandao uliporudi, mkalimani mwingine alikuwa ameshamalizia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mtoto. Msimamizi wangu akanipigia, mwanamke mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Dada, unafanya kazi nzuri kuliko wengi. Lakini hii ni ya tatu. Sina la kufanya."

Nilimwita Ngazi kwa hasira zote za dunia. Alifika saa sita kasoro, mume wangu akiwa bafuni anajiandaa kwenda kazini. Nikammwagia fundi wa watu maneno hadi akaegemea ngazi yake. Aliponisikia nasema taa zilikuwa za kijani, akanyanyua kichwa.

"Zote tatu, mama?"

"Zote tatu!"

"Basi visanduku havina kosa. Simu iliyoviunganisha iko wapi?"

Ilikuwa mezani, inachajiwa. Namba ya siri naijua, ni mwaka aliozaliwa binti yetu. Nikaifungua, Ngazi akaingia kwenye programu ya visanduku, akatelezesha kidole. Halafu akanigeuzia kioo bila kunitazama usoni. Kompyuta ya chumbani, imesimamishwa, saa nne na dakika kumi na mbili. Imeruhusiwa, saa nne na ishirini. Juu yake, wiki iliyopita. Juu yake tena, wiki ya kabla.

"Mama, hii haijizimi yenyewe," akasema taratibu. "Kuna mtu anaibonyeza." Akabeba ngazi yake akaondoka, hata maji hakutaka.

Mume wangu akatoka na taulo shingoni, akaona simu iko mkononi mwangu. Tukasimama pale kwenye korido. Sikumuuliza kama ni yeye. Nilimuuliza kwa nini.

"Mama alipoanguka mwezi uliopita," akaanza, macho chini, "niliwaambia ndugu zangu atakuja kukaa kwetu. Kwenye kile chumba. Nikawaambia umeshakubali kuacha kazi umuuguze."

"Nilikubali lini?"

"Hukukubali. Sikukuuliza, nilijua utakataa."

"Hukuniuliza!"

"Sikutaka ugomvi. Niliona bora ukatike katike hadi uchoke, uache mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa kinanipikia chai. Nikamwambia, "Mama yako nampenda, na unajua. Ungeniuliza tungebanana, tungepanga zamu, tungepata njia. Wewe ni fundi wa lifti! Mtu akikwama katikati kazi yako ni kumtoa. Mimi umenikwamisha kwa mkono wako, na yule mama na mtoto wake ukawakwamisha pamoja nami, halafu ukaja kunipa pole!"

Akajifuta uso kwa ncha ya taulo.

Simu yake ikaita mkononi mwangu. Dada yake mkubwa, kwa video. Mume wangu akarudi nyuma hatua moja kama kaona moto. "Ongea naye wewe," akanong'ona. "Nisemee tu. Mimi siwezi."

Nikapokea. Picha ilikuja safi, hadi nikaona hereni zake.

"Wifi, hujambo? Kitanda cha mama tumeshakifunga, tunakileta Jumamosi. Chumba kiko tayari?"

"Sijambo, wifi. Kaka yako yuko hapa. Ameomba nimsemee."

Nikakaa sawa, nikashusha pumzi, nikasema kama kazi yangu inavyotaka.

"Dada, niliwaambia mke wangu ameshakubali kuacha kazi amuuguze mama. Hakukubali. Sikumuuliza, nilijua atakataa. Sikutaka ugomvi. Niliona bora akatike katike hadi achoke, aache mwenyewe."

Maneno yote yalikuwa yake. Ya chai sikuyasema, kwa kuwa hakuyatamka.

Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, taulo limemwanguka miguuni. Dada yake alinitazama bila kupepesa, akingoja kaka yake aseme kitu, halafu akaisogeza simu karibu na uso.

"Mnanisikia? Au imekwama?"

Nikatupa jicho kwenye kile kisanduku cha korido.

"Haijakwama, wifi," nikamwambia. "Leo mtandao uko sawa kabisa."