Vidudu Vilivyokula Suti ya Harusi

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu. Nikiongeza hata chembe ya chumvi, suti ile inirudie mwilini.

Ilikuwa ya nailoni, rangi ya embe bivu, mabega mapana kama meza. Aliishona shemeji yangu, fundi cherehani, niivae kwenye harusi ya binti yetu mbele ya ukoo mzima. Kuikataa? Shemeji angeninunia mpaka kaburini.

Basi asubuhi moja nikapiga kelele chumbani: "Mama Pacha, njoo uone balaa! Vidudu vimekula suti!"

Mke wangu akaja, na shemeji nyuma yake, kikombe cha chai mkononi. Palepale pa kukalia, suruali ilikuwa na tundu la kupitisha chungwa.

"Vidudu gani?" shemeji akauliza.

"Vile vya rangi ya fedha, vyenye mikia mitatu! Nimefungua kabati nikavikuta vimejipanga kama wageni wa karamu. Kimoja, kikubwa kama kandambili, kikanitazama, kikacheua. Nilipokikamata kikavua ngozi, kikaniachia mkononi, kikakimbia uchi!"

Mke wangu, ambaye ndiye hupambana navyo kila siku, akaguna. "Kuvua ngozi huvua, hata uzeeni. Na mwanga huukimbia. Lakini Baba Pacha, hula nini?"

"Nguo, bila shaka!"

"Hula wanga. Gundi ya vitabu, makombo, nguo za pamba zilizotiwa wanga." Akalichomoa gauni lake la pamba, lililobanana na suti, limekakamaa kwa wanga kama ubao. Halikuwa na hata mkwaruzo. "Viliuruka mlo huu, vikafuata nailoni?"

"Labda viko kwenye mfungo."

"Tena hukwangua juujuu, kingo zikabaki zimechakaa. Hivi vyako vimekata duara safi."

Shemeji akashusha kikombe. "Kumbe! Jana uliazima mkasi wangu."

"Nilikata kucha."

"Kwa mkasi wa kukatia makoti?"

Nilimngoja anune. Akacheka mpaka akaketi kitandani, kisha akaliziba tundu kwa kiraka cha maua mekundu.

Harusini niliivaa. Nilikuwa nimeapa kutobanduka kitini, lakini bibi harusi mwenyewe akaja kuniinua nicheze naye. Kutoka meza ya mbele mke wangu akapaza sauti:

"Baba Pacha, hebu geuka tukuone!"

Nikageuka.