Kengele ya Pangoni

Jina la Masikio hakupewa kwa utani. Kwa miaka ishirini na mbili fundi huyo alikuwa akitengeneza magemu ya mkononi, na hakuwahi kumiliki kifaa cha kupimia sauti. Kipimo chake kilikuwa kaseti moja kuukuu, ya mchezo wenye pango. Ukiingia katika pango hilo, kioo kinakuwa cheusi tititi na unakwenda kwa kusikia tu. Matone ya maji yakizidi, mbele yako pana shimo. Kikengele kikizidi, mbele yako pana mlango. Kila gemu alilolitengeneza, Masikio alilipitisha pangoni huku amefumba macho. Akitoka mlangoni salama, anakaza skrubu na kumpigia simu mwenye mali.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, alitumbukia shimoni mara ya tatu.

Gemu lilikuwa la mwalimu wa kwaya, mama mmoja mwenye maneno mengi, aliyelinunua kwa ajili ya muziki wake. Mwezi uliopita alilileta akisema sauti imefifia. Masikio alibadilisha spika, akaingia pangoni, asikisikie kikengele. Akaitukana spika. Akafunga nyingine, ikawa yale yale. Mwishowe alichomelea ndani kibao kidogo cha saketi, cha kukuza sauti nyembamba, akazungusha skrubu yake hadi kikengele kikasikika vizuri, akampa mwenyewe. Baada ya siku mbili mwalimu alirudi.

"Fundi, umenifungia filimbi ya refa humu ndani? Nimeiwasha, paka wangu akatokea dirishani."

Akacheka naye. Lakini muuza viatu wa jirani naye alirudisha lake, alilofungiwa kibao kama hicho, kwa neno hilo hilo, kwamba sauti inatoboa. Kisha akarudi dereva wa teksi. Masikio alisema moyoni kwamba spika za siku hizi ni takataka, akalala akiamini hivyo.

Sasa alikuwa ameirudisha nyuma kidogo skrubu ya kile kibao. Matone aliyasikia, tena vizuri mno, mazito, moja baada ya jingine. Ule mvumo wa chini wa muziki wa pangoni aliusikia pia, kama mtu anayepumua nyuma ya pazia. Kikengele hakikuwapo. Alisimama gizani mle, kidole gumba juu ya kitufe, akiogopa kupiga hatua katika mchezo aliokuwa akiumaliza huku anatafuna karanga. Akapiga hatua. Akaanguka.

Akaanza kukumbuka mambo ambayo hakutaka kuyakumbuka. Ndege wa kwenye paa la bati, aliodhani wamehama. Birika jipya, alilolilaumu kuwa halipigi mluzi. Simu yake, ambayo mkewe alikuwa akimletea mkononi kila mara: "Inalia, baba, au umeamua kuwanunia wateja?"

Mkewe alikuwa pale pale, upande wa pili wa chumba, kwenye cherehani yake. Kumwomba alilotaka kumwomba kulimtisha Masikio kuliko pango.

"Mama, njoo kidogo."

"Nina suruali ya mtu hapa. Kuna nini?"

"Njoo ucheze gemu."

Mkewe alisimamisha cherehani. "Miaka yote hiyo unaniambia nisiviguse, leo unaniita nicheze. Una homa?"

"Fumba macho. Kitufe hiki kinakwenda mbele, hivi vya pembeni vinageuza. Ukisikia maji, yakimbie. Ukisikia kengele, ifuate."

Akakaa kwenye kigoda, uzi bado uko mdomoni, akafumba macho. Masikio aliuangalia uso wake, si kioo. Alikuwa akiomba aanguke. Mkewe akianguka, basi ubovu uko ndani ya gemu, na gemu ni kitu cha kutengenezwa.

"Maji hayo," alisema mkewe, akageuka kushoto. "Enhe. Kengele yenyewe mbona kali hivi? Kama kijiko kinachogonga glasi." Akaenda, akageuka tena, akaenda. Kioo kikawaka mwanga wa kijani. Alikuwa mlangoni. "Ndiyo hii kazi inayokuchosha?"

Alipofumbua macho alikuta mumewe ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Baba?"

"Umeisikia tangu wapi?"

"Tangu mwanzo." Akautoa uzi mdomoni. Hakutania tena. "Wewe hukuisikia?"

Masikio alichukua bisibisi ndogo, akaiweka kwenye skrubu ya kibao. "Rudi pangoni. Nitapunguza. Niambie ikikaa sawa."

Alizungusha kidogo. Bado, alisema mkewe. Akazungusha tena. Bado. Kwake yeye hakuna kilichobadilika. Alikuwa anatengeneza ukimya.

"Hapo," mkewe alisema kwa upole. "Hapo ni tamu kabisa."

Mwalimu wa kwaya aliingia kabla ya saa sita. Alipokea gemu, kaseti ya pango ingali ndani, akaliwasha akiwa bado mlangoni, akainamisha kichwa, akatabasamu.

"Haya, sasa hii ndiyo sauti. Nilijua tu, sikio lako ni lile lile."

Mkewe alikanyaga cherehani kwa nguvu, akijifanya hasikii. Maneno ya mwalimu yalikuwa mlango wa kutokea, na Masikio aliuona. Angeweza kushukuru tu. Lakini akawakumbuka muuza viatu na dereva wa teksi, na sauti zile alizowatia mikononi akiapa kwamba ni nzuri.

"Sikio si langu, mwalimu. Amesikiliza mama huyu. Mimi kengele siisikii."

"Acha mzaha, fundi."

"Siisikii."

Mwalimu alimsogelea, kidole gumba kwenye kitufe cha mbele, akamwekea gemu karibu kabisa na sikio, kama mtu anayempa mgonjwa maji. "Hata hivi?"

Masikio alifumba macho kwa mazoea. Aliusikia ule mvumo ukipumua, kisha matone, mazito, moja baada ya jingine, nayo yalikuwa yakizidi.