Ukoko Mfukoni mwa Koti

Usiku wa jana niliota Jumanne. Si Jumanne yoyote. Ni ile ya tarehe kumi na tisa Machi, saa nane mchana, siku mambo yangu yote yalipoharibika.

Niko kambini, msituni, juu kule kwenye baridi. Jua limesimama palepale juu ya mahema na halina joto. Hakuna ndege. Nimevaa koti langu la kaki, na kwenye mfuko wa kulia nina kipande cha ukoko, ukubwa wa kiganja, nilichokibandua kwenye sufuria ya nyumbani kabla hatujaondoka. Mke wangu Nakijwa alipenda ukoko kuliko ugali wenyewe. Tangu nimuoe, ugali wangu, ukoko wake. Aliuvunja kwa meno ya mbele, yale yenye mwanya, na ukisikia kah! jikoni, ujue chakula kimekwisha.

Kwa hiyo kazi yangu ndotoni naijua: nimfikishie ukoko kabla hajapaa.

Maana kambini watu wanapaa.

Nieleze kidogo. Kambi hii waliiandaa wakubwa wa kliniki ya sukari. Siku nne kwenye mahema, wagonjwa na wenza wao, tufundishwe kula bila wanga. Hakuna ugali, hakuna wali, hakuna kiazi wala ndizi, na makande ndiyo usiyataje kabisa. Ni mayai, nyama, mchicha na parachichi, asubuhi mpaka jioni. Dawa ziendelee vilevile. Unamnyima Mpare makande siku nne, halafu unayaita mafunzo. Lakini wakubwa wakishaamua, wewe uliyeishia darasa la nne utasema nini?

Sheria walizibandika kwenye mti. Ya tatu ilisema kwamba ukiacha wanga, mwili utaanza kula mafuta yake wenyewe. Siku zile, tukiwa macho, tuliicheka. Ndotoni inatekelezwa.

Napita kati ya mahema nasikia watu wanajila. Ni sauti ndogo, kama mbuzi anayecheua. Mzee Kajiru, jirani yetu wa hema la pili, amekaa kwenye kiti cha turubai, kiunoni amefungwa kamba, na kamba imefungwa kwenye kigingi. Nauona mti ulio nyuma yake. Nauona kupitia kifuani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usipumue upande huu, utanipeperusha."

"Mmeshindaje?"

"Salama tu. Jana nimemaliza mapaja, leo nimeanza mgongo." Anatafuna kidogo, anameza. "Mgongo hauna ladha."

"Mke wangu umemwona?"

"Yuko juu ya hema lenu. Asubuhi alikuwa usawa wa mlango. Fanya haraka, baba. Kitenge hakina nguvu ya kamba."

Kati yangu na hema letu imepita kamba ya mpaka, ile waliyoifunga ili chakula cha nyumbani kisiingie. Inainuka polepole, inanipapasa mbavu, inasimama kwenye mfuko wa kulia.

"Umebeba nini?"

"Leso."

"Leso hainuki moshi."

"Ni leso ya mtu anayepika."

"Umeanza lini kupika?"

"Leo."

Kamba inafikiri. Inafikiri muda mrefu mpaka nasikia nyuzi zake zinajisokota. "Pita," inasema. "Ila huo mkono ubaki humo humo mfukoni. Ukitoka na kitu, mimi nitakuwa shingoni."

Haikusema shingo ya nani.

Nakijwa yuko juu ya hema, kimo cha watu wawili. Kitenge chake cha njano kimemshika mguu, upande mwingine umefungwa kwenye kigingi. Anatoa jasho. Linanidondokea usoni, la baridi kama maji ya mtungi.

"Baba Elitwaza."

"Naam, mama."

"Natetemeka. Macho yanafanya giza. Nipe kitu nitie mdomoni."

"Ngoja kidogo."

"Una ukoko. Harufu yake inafika mpaka huku."

"Ngoja nikaulize."

"Ukamuulize nani, mume wangu, na mfuko ni wako?"

"Wakubwa. Isije ikawa mimi ndiye nimekuua."

Anacheka, mwanya unaonekana. "Haya, nenda. Umekuwa mtu wa kuuliza tangu lini? Hata mahari hukuuliza, ulileta mbuzi tu ukakaa."

Nageuka, na msitu ni korido ya kliniki. Sakafu ina nyasi. Mabenchi ni yale yale ya siku zote. Nakaa foleni. Mbele yangu kuna parachichi tatu na sufuria moja, zote zimeshika kadi zao za rangi ya samawati, hakuna inayosemezana na mwenzake. Nikisogea, mlango nao unasogea. Nikikaa, unanisubiri.

Nikawaza: nitoke kwenye foleni, nirudi, nimpe. Mtu mwenye akili angerudi. Nikavua kofia nikaendelea kukaa.

Mlango ukafunguka wenyewe. Mratibu wa kambi ni yai la kuchemsha. Limemenywa, limevaa miwani.

"Mke wangu anapaa," nasema. "Naomba ruhusa ya kipande kimoja tu."

"Kipande cha nini?"

"Cha ukoko."

Yai linavua miwani, linaifuta, linaivaa tena pasipo na masikio. "Baba, mimi binafsi sina neno. Nafuata karatasi."

Karatasi iko ukutani, imebandikwa kwa utomvu. "Mimi niliandikwa tu," inasema. "Muulize kalamu."

Kalamu imelala mezani, imejifunika kifuniko mpaka shingoni. "Mimi nilishikwa. Uliza mkono."

"Mkono upi?"

"Umekuja nao."

Naangalia koti langu. Navuta mkono wa kulia, hautoki. Naushika kwa mkono wa kushoto, navuta, umekakamaa na ukoko wake kama mtu aliyeshikilia mlango kwa ndani. Navipapasa vidole kwa nje ya kitambaa. Ni sita.

"Toka," nauambia.

"Sijaruhusiwa," unajibu mkono.

Una sauti yangu.

Nikakimbia. Korido ikaisha, nyasi zikabaki. Kambi imekuwa kimya, hata ule mcheuo hausikiki tena. Vigingi viko chini, kamba zake zimesimama wima kuelekea juu, na huko mwisho wa kamba hakuna mtu. Kiti cha Mzee Kajiru kimebaki na kofia inayozunguka polepole. Jua halijasogea.

Nakijwa amefika kwenye vilele vya miti. Kitenge kimekuwa kirefu ajabu, kimebakiwa na fundo moja.

"Wamesemaje?" anauliza, kwa utulivu, kama anayeuliza kama chumvi imetosha.

"Wanasema si wao."

"Sasa nani alisema hapana?"

Nyuma yangu wamekuja wote: yai, karatasi, kalamu, na ile kamba ya mpaka inajiburuta. Kila mmoja ananyoosha upande wake. Hakuna wawili walioonyesha mahali pamoja.

Fundo likafunguka. Halikukatika. Lilifunguka lenyewe, kwa adabu.

Nilitegemea apae. Anashuka. Anashuka kichwa mbele, taratibu, kama mtu anayechungulia kisima, mpaka nywele zake zinanigusa kidevu, zinanuka moshi wa jikoni kwetu. Anauingiza uso wake mfukoni mwangu. Pumzi zake ni za baridi kwenye mkono wangu. Nasubiri.

Kah!

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani anawika, na mkono wangu wa kulia umekufa ganzi mpaka begani.

Kweli yenyewe ni fupi. Jumanne ile Nakijwa alitetemeka, akatoa jasho, akaniomba kitu cha kutia mdomoni. Nikaenda kuuliza kwenye hema la wakubwa. Walikuwa na kikao. Nikaambiwa nisubiri, nikasubiri nje, kofia mkononi na ukoko mfukoni. Niliporudi walikuwa wameshamfunika kitenge cha njano. Siku ya mazishi muuguzi mmoja alininong'oneza kwamba sukari ilikuwa imeshuka, dawa ilikuwa inafanya kazi kwenye tumbo tupu, hata kijiko cha uji kingemwinua.

Tangu hapo nimewapelekea wakubwa barua tatu. Anayeziandika ni mwanangu Elitwaza, mimi mwandiko wangu hausomeki. Nimejibiwa mara moja, mstari mmoja wenye muhuri: mgonjwa alielekezwa asile. Nani alimwelekeza, hawakuandika. Ndivyo walivyo hawa watu. Neno linatoka, linaua, na mwenye neno humwoni.

Lile koti sijalivaa tena. Liko kwenye msumari nyuma ya mlango, na mfuko wa kulia niliufunga kifungo kwa mkono wangu. Nilijua kilichomo. Dada zangu wakisema lifuliwe, nasema liacheni.

Asubuhi hii kifungo kilikuwa wazi.

Nikaingiza mkono. Safari hii ulitoka bila shida. Ukoko umekuwa mgumu kama kigae, mweusi pembeni, na vumbi la mwaka mzima na ushee. Kona moja haipo. Si panya, maana panya anaguguna, anaacha unga. Huu ni mng'ato mmoja, wa meno mawili ya mbele, na katikati ya alama za meno kimebaki kijiti chembamba cha ukoko kimesimama, pale penye mwanya.

Ukingo wake ulikuwa na unyevu.

Nimeuweka mezani. Chai imepoa, sijainywa. Elitwaza amepita akanikuta hivyo, akautazama, akatazama pembeni. Kisha akatoa kalamu.

"Baba, barua ya nne tuanzeje?"

Nikamwambia asiweke salamu. Aandike swali moja tu, lile la mama yake, na nakala yake aniachie mimi hapa mezani, kwa sababu mpaka leo wao hawajalijibu na mimi sijalijibu: nani alisema hapana?