Ncha ya Ríona

…sogeeni basi, sogeeni nyote mnaoishi kichwani mwangu, mama, shangazi, na wewe Beartla mume wangu uliyelala kaburini na bado unaniagiza chai, njooni karibu kama mnavyopenda, ila nyamazeni, fungeni midomo kidogo tu nimsikie daktari, maana ameuliza kitu na anangoja, mkono wangu wa kulia umelazwa juu ya ubao kama samaki wa kuuzwa, wametoboa tundu dogo kwenye kifundo cha mkono, mrija mwembamba umeingia mshipani na unapanda kwenda moyoni kutazama palipoziba, na hapo juu ya kiwiko umegusa kitu, kikauma, si baridi, si ganzi, kimeuma, kama mtu anavuta uzi ndani ya nyama, na Daktari Lavelle hajageuza kichwa, macho yake yako kwenye kioo cha eksirei, ameuliza tu kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, "Unaendeleaje hapo, Bairbre?" na jibu limeshajipanga kwenye ulimi lenyewe, bila kuitwa, sijambo daktari, sijambo kabisa… ndivyo tulivyolelewa kwetu Konamara, mtu amevunjika mguu utamkuta ameegemea ukuta wa mawe anakuambia upepo umetulia leo, chai unaikataa mara mbili hata kama koo limekauka, ukiipokea mara ya kwanza wewe mlafi, na daktari akikuuliza hali yako unampa hali ya ng'ombe, ng'ombe ndio wana jambo, mimi sina, mama alijifungua sisi sote bila jirani kusikia hata mguno na alijivunia hilo kuliko alivyojivunia sisi… Nesi Jincy ametoka mbali, huko Kerala, lakini ametuzoea, asubuhi alipokuwa ananifunika shuka aliniinamia akaniambia, "Bibi, mimi nawajua nyinyi. Juzi mzee mmoja wa kwenu aliniambia hajambo huku anazimia." Nikamwambia, "Huyo alilelewa vizuri." Akacheka, "Malezi yenu yatanitia mvi. Ukisikia chochote, sema, umenisikia?" nikasema nimesikia, na kusikia nilisikia, lakini Jincy hajui kinachonibana, maana ncha ya mrija huu, kile kipande laini cha mbele kinachotangulia kuonja njia, ni kazi ya Ríona, mtoto wa mwanangu, yeye na wenzake kule kiwandani nje ya mji wa Galway, na nyuma ya dirisha la kioo amesimama bwana mwenye tai aliyetumwa na kampuni aone inavyokwenda, nilimwona akiingia, uso umenyooshwa kama shati, nikisema inauma atasikia, akisikia atapeleka habari, na kesho watamkalisha mtoto wangu kitini wamwambie hata bibi yako umemkwaruza… Ee Mungu, na alivyoihangaikia ncha hii, meza yangu ya jikoni haikuwa tena ya mkate, ilikuwa ya mirija, akija Jumamosi anaitandaza yote kati ya siagi na sufuria, "Usiguse, Bibi," kama vile mimi ndiye mtoto, anaisukuma mmoja mmoja ndani ya mishipa ya plastiki iliyopindapinda kama njia za mbuzi, "Ona, ukiwa mgumu wote unatoboa ukuta wa mshipa. Ukiwa laini wote hausukumiki, unajikunja kama tambi." Nikamwambia, basi fanya mgumu nyuma na laini mbele, akanitazama kwa huruma, "Hilo kila mtu analijua, Bibi. Kazi iko pale katikati, ugumu unapokwisha na ulaini unapoanza. Ukibadilika ghafla, pale pale ndipo unapopinda kona na kukwaruza." Na siku ile aliyochemsha jeli ngumu isiyo na sukari akaiwekea matundu ya kupitishia mirija, akaiacha kwenye friji yangu bila kusema neno, akaja Padri, mimi nikamkatia kipande nikamwekea na krimu, akala chote mpaka sahani ikang'aa, akasema ni tamu ajabu, hajawahi kula kama hiyo, na Ríona amesimama mlangoni ameshika mdomo, Padri alipoondoka akaniambia, "Bibi, umemlisha mshipa wa moyo," nikamjibu, "Amesema ni tamu," na yeye hakucheka tena, akasema, "Ndiyo. Amesema."… bado kinavuta, hapo hapo juu ya kiwiko, daktari amesimamisha vidole, mtu mwema, kijana bado, mkewe amejifungua juzi, anasinzia macho wazi, kwa nini nimsumbue, kitapita, kila kitu hupita, na Beartla anaanza, wewe nilikuambia unyamaze, "Usimsumbue, mke wangu, anafanya kazi," maneno yale yale, sauti ile ile, maana naye walimwingiza mrija, wa zamani huo, ulipitia kwenye paja, ncha yake ngumu kama bua la shayiri, naye aliulizwa unaendeleaje, Bwana, akasema sijambo, endelea tu, na jioni wodini rangi imemtoka amenishika mkono akaniambia, "Niliisikia ikichana, Bairbre." "Mbona hukusema?" "Yule kijana alikuwa anajitahidi sana. Ningemvunja moyo." Damu ikavujia ndani kwa ndani, na wao wakaamini neno lake, kwa nini wasiamini, mtu mzima amesema hajambo, na Jumapili ile nikapika viazi kwa ajili ya msiba wake, watu wakaja wakanipa mkono wakauliza hali yangu nikawaambia… nikawaambia hilo hilo… lakini Ríona, majira ya baridi yaliyopita, ameinamisha kichwa kati ya mirija yake analia, sijawahi kumwona analia tangu aliposimama kwa miguu yake, mrija wa kwanza alioutengeneza ulikuwa umejaribiwa kwa wagonjwa, nikamuuliza, umewaumiza? "Sijui, Bibi. Wote wamesema hawajambo. Wote. Na ncha zinatoka zimepinda, nyingine zimechubuka, lazima mtu aliumia, lakini hakuna aliyesema wapi. Sasa nitalainisha wapi? Nitengenezeje kitu cha watu wasiokubali kuumia?" Nikamwambia labda hawakuumia kweli, akanikazia macho, "Ni watu wa huku, Bibi," nikainuka nikaweka maji motoni, kwa sababu sikuwa na neno, na sasa ninalo, ninalo hapa mdomoni na ninataka kulimeza, nilidhani nikinyamaza namfunika mtoto mvua isimpige, kumbe namfunika macho, anatengeneza gizani, na ncha hii hii kesho itapanda mkono wa mwingine, mama wa mtu, atalala kwenye ubao huu huu na adabu yake, na bwana wa tai asikie, si ndiyo kazi aliyotumwa, mtoto wangu hakuniomba sifa, aliomba mahali… "Bairbre?" daktari bado hajageuka, Jincy yeye amegeuka, ananitazama usoni, uzi bado unavuta, taa ile ile, ubao ule ule, na hofu yangu haijapungua hata kidogo, imebadilisha upande tu… Beartla alipotutoka, saa yake alichukua mwanetu, nyundo ya mawe akapewa jirani Peadar aliyeitamani tangu ujana, koti zito la mvua lilibaki msumarini mpaka nondo wakalirithi, redio ikaenda kwa dada yake, na lile neno, sijambo, hakuna aliyeligawa, nikalibeba mimi, na mimi nikifa saa ya mume wangu itabaki kwa mwanangu, sufuria nzito watagombania wakwe, Padri atapata kitabu cha sala kwa kuwa alikula bila kulalamika, lile neno nitazikwa nalo, na Ríona, Ríona achukue chake leo ningali hai, maumivu haya, yote kama yalivyo, inauma, daktari, juu kidogo ya kiwiko, upande wa ndani, pale ugumu unapokwisha na ulaini unapoanza…