Ndevu za Mti Mkavu

Atabo alipojifungua, mama yake, Akuam, alikuja kumwona mjukuu, lakini akaishia mlangoni, mikono ameifunika kwa leso.

"Ingia, mama. Mshike basi."

"Siku nyingine. Nimetoka kuuza kuni, niko na vumbi mingi."

Halikuwa vumbi. Tangu mvua ya Aprili ngozi ya mikono yake ilikuwa ikiwasha na kupasuka, na sasa vipele vilikuwa vimepanda shingoni hadi kwenye kope. Pale Isiolo anapouzia kuni, watu walianza kumsalimia kwa mbali. Mmoja alinong'ona kuwa ni ukoma. Akuam hakubisha, maana hata yeye aliwaza hivyo. Nyumbani alijitengea sahani, akahamia kulala jikoni. Mume wake Ekaale alipouliza, akasema huko kuna joto.

Ekaale ndiye aliyemkokota hadi hospitalini. Daktari wa ngozi, Kagwiria, aliigeuzageuza ile mikono.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Kuuza kuni. Zamani ilikuwa ya mgunga. Siku hizi lori inaniletea kutoka msitu wa mlimani, miti imejiangukia yenyewe ikakauka."

"Iko na kitu juu yake?"

"Iko na ndevu. Ingine kijivu, ingine kijani ya kukaribia manjano. Mimi huzikwangua na mkono, wateja hawazipendi."

Daktari akatikisa kichwa polepole. "Hizo ndevu zinaitwa laikeni. Kuna watu ngozi yao inazikataa kabisa. Hii si ukoma, mama. Huwezi kuambukiza mtu. Wacha kuzigusa, paka dawa, utapona."

Akuam akamgeukia Ekaale, kama vile yeye ndiye wa kuthibitisha. Kisha akalia pale pale kitini. Machozi yalimwasha kope, naye akacheka kwa sababu yanawasha.

Kutoka hospitalini hawakupitia nyumbani. Walienda moja kwa moja kwa Atabo. Akuam alinawa, akaketi kitandani, akampokea mtoto.

Daktari alikuwa ameomba kipande cha zile kuni, Ekaale akampelekea. Daktari akakifikisha kwa rafiki yake Gichunge, mtafiti wa mimea ya mlimani, ambaye alikuja mwenyewe hadi nyumbani kwa Akuam na kupiga magoti mbele ya rundo la kuni.

"Hii ya manjano nimeitafuta miaka! Inaota tu kwa miti iliyokufa, huko juu kwenye ukungu. Nani anaichoma?"

"Wateja wangu," Akuam alisema. "Beba yote. Mimi narudi kwa mgunga."

Gichunge aliandika namba ya mwenye lori, ili amwombe aache magogo ya aina hiyo yaozee msituni. Kisha akaanza kupakia gari, gogo moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Akuam alimtazama akiwa kivulini, mjukuu amelala mapajani.

"Angalia ile ya chini kabisa," akamwambia. "Iko na ndevu nyingi zaidi."