Pua ya Mjukuu na Mashine ya Presha

"Mimi ni mtu wa amani," alisema bibi wa kitanda cha saba, mkanda wa mashine ya presha ukiwa umembana mkononi. "Miaka sabini na moja duniani, sijagombana na mtu. Ukimtoa marehemu mume wangu. Na dada yangu. Na yule fundi aliyeniezekea paa, lakini yule hata malaika angemtukana."

Mashine ikalegea, ikalia pii. Sista wa wodi akainama kusoma: mia na themanini na nne.

"Bibi Saba," akasema, maana wodini kila mtu aliitwa kwa kitanda chake, "mtu wa amani gani ana presha ya dereva aliyekatikiwa breki mlimani?"

"Mashine yako mbovu."

"Mashine ni mpya. Ndiyo kwanza tumeitoa kwenye boksi."

Ukweli wenyewe haukuwa wa kuchekesha sana. Bibi Saba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limeziba kabisa. Daktari wa macho alikuwa mgeni: anakuja mara moja kwa mwaka, anapasua wiki nzima, anafunga begi lake anaondoka. Safari hii angeondoka Ijumaa jioni, na alikuwa na sharti lisilojadiliwa. Presha ikizidi mia na sitini, hagusi jicho la mtu. Jumatatu Bibi Saba alikuwa amerudishwa kutoka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na kofia ya plastiki kichwani. Leo ilikuwa Jumatano. Vidonge alikuwa anameza vyote, mbele ya Sista, kisha anatoa ulimi kuthibitisha. Akiwa amelala presha inashuka kama watu wengine. Akiamka tu akakumbuka kisu, inapanda ngazi mbilimbili.

Na macho aliyataka kwa ajili ya mtu mmoja. Binti yake wa mwisho alikuwa amejifungua miezi mitano iliyopita, na mtoto huyo Bibi Saba alimjua kwa harufu, kwa uzito na kwa kilio. Uso wake ulikuwa wingu. Hata hilo angelivumilia, lakini mtoto ana bibi wawili. Huyo wa pili, mama mkwe wa binti yake, wodi nzima ilimwita Mama Thamosi, kwa sababu hatoki kwake bila thamosi ya chai kwapani. Macho yake yanaona sindano iliyoanguka nyumba ya tatu. Na tangu siku mtoto alipozaliwa, amekuwa akitangaza kwamba pua ya yule mtoto ni yake.

"Nimevua yangu nikamvisha," alisema alasiri hiyo, akimimina chai. "Mwenye macho aje aone."

"Hata kipofu anajua ile ni pua ya kwetu," akajibu Bibi Saba.

"Na ndiye anayesema sasa hivi."

Kitanda cha sita kikacheka mpaka kikashikwa na kikohozi. Sista hakucheka. Alisema atampeleka kwa Bwana Pumzi.

Bwana Pumzi alikuwa muuguzi kama wauguzi wengine, ila alikuwa amesomea mambo ya kutuliza wagonjwa, akapewa kijichumba mwisho wa korido. Zamani palikuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika, na kitanda kimoja kilibaki, kimeegeshwa ukutani na kufunikwa shuka la maua. Palikuwa na mkeka, viti viwili, redio ndogo ya kupiga muziki wa polepole, na chupa ya mafuta ya kusugulia mikono.

"Mimi siponyi macho, Bibi," alimwambia. "Dawa ni za daktari, uendelee nazo. Mimi nashughulika na hicho kinachokimbia humo ndani. Anayetaka kusali husali kwa namna yake, asiyetaka hunyamaza. Sasa fumba macho, vuta pumzi polepole, uniambie unaona mahali gani pa utulivu."

Bibi Saba alishasikia wenzake wakihadithia, kwa hiyo alijua kinachotakiwa. Akafumba macho, akalegeza shingo kama picha ya mtakatifu.

"Naona mto, mjukuu wangu. Maji yanatiririka. Ndege wanaimba."

Pii. Mia na themanini na nane.

"Na sasa?"

"Naona malaika. Wawili."

Mia na tisini na tatu.

"Bibi," akasema Bwana Pumzi taratibu, "usiongeze wa tatu, tutakimbizana chumba cha mahututi. Labda ujaribu kusali."

Akasali. Alisali kwa sauti iliyosikika hadi wodi ya wanaume. Alimwombea daktari, akawaombea wagonjwa wote, akamwombea Mama Thamosi afya, baraka na maisha marefu. Alipofika kwenye maisha marefu mashine ikapanda hadi mia na tisini na nane.

Sista, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili, akajishika kiuno. "Nimeielewa hii mashine. Kila ukidanganya, inapanda."

"Nimedanganya nini?"

"Malaika wale walivaa nini?"

Bibi Saba akawaza kidogo. "Koti la daktari," akasema, na mwenyewe akaona mambo yameharibika.

Alhamisi akarudishwa kwa Bwana Pumzi. Safari hii Bwana Pumzi hakuuliza habari za mito. Alimvisha mkanda, akamwambia afumbe macho, akamwaga mafuta kiganjani na kuanza kumsugua mikono, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Redio ilikuwa chini sana. Mara mlango ukagongwa, pakanong'onwa: kuna baba mmoja wa kukatwa mguu analia, hataki kupanda machela. Mikono ya Bwana Pumzi ikasita. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Kisha mikono ikarudi.

Ilirudi ikiwa mizito zaidi, na ngumu kidogo viganjani, lakini ilisugua vizuri kuliko mwanzo. Bibi Saba akajisikia bega linashuka, halafu la pili. Siku nyingi hakuna mtu aliyekuwa amemshika mkono bila kumtafuta mshipa wa kumdunga sindano.

"Mjukuu wangu," akasema, "nimechoka na malaika. Nikwambie kweli?"

Mikono ikaendelea.

"Naogopa. Naogopa kisu. Mume wangu aliingia chumba kama kile kwa ngiri tu, akitania manesi, akatoka amefunikwa shuka. Ndiyo maana wakinisukuma kuelekea kule moyo unanipasuka. Na nikikataa, nitakufa yule mtoto akiwa wingu. Kuna kingine, hiki usimwambie mtu. Naogopa watanifungua macho nikute pua ni ya yule mwanamke. Miezi mitano nabisha. Nitauweka wapi uso wangu?"

Kidole cha mwisho kikasuguliwa, kikaachiwa.

"Mungu," akasema Bibi Saba, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuwa ameizoea, "naogopa. Basi."

Hapo akasikia kitu anachokijua: kifuniko cha thamosi kinafunguliwa.

"Kunywa chai, bibi mwenzangu."

Bibi Saba aliruka kitini. "Wewe! Umeingia saa ngapi?"

"Nilikuletea chai, kijana akaniwekea mkono wako mikononi, akanionyesha kidole mdomoni. Ningefanyaje?"

"Umesikia nini?"

"Kuanzia malaika."

"Mwizi wa siri mkubwa wewe! Nyoka! Nipe hiyo chai."

Mama Thamosi akampa kikombe, akaishika mikono yake isije ikamwaga. "Mimi mwaka juzi nilipotakiwa kutolewa mawe ya nyongo," akasema, "nilijikoholesha mbele ya daktari usiku mpaka asubuhi ili anirudishe nyumbani. Akaniandikia dawa ya kikohozi, na upasuaji akaufanya vilevile."

"Uliniambia ulitembea mwenyewe mpaka chumba cha upasuaji!"

"Nilibebwa. Watu wanne. Mmoja nilimng'ata."

Bibi Saba alianza kucheka kwa pua, akaishia kulia, kisha hakujua tena anafanya kipi kati ya hivyo viwili, na mwenzake vivyo hivyo. Walipotulia walikuwa wameshikana mikono yenye mafuta. Sista alipoingia kupima alisoma mia na arobaini na sita. Akapima tena: mia na arobaini na nne. Hakuamini, akauvaa mkanda mwenyewe. Alichokisoma hakukisema, ila alikaa chini, akaomba chai.

Ijumaa asubuhi Mama Thamosi alitembea pembeni ya machela akimsugua mkono njia nzima, akimhadithia yule aliyeng'atwa alivyopiga kelele. Mlangoni presha ilikuwa mia na hamsini na tatu. Daktari akasema, mwingizeni.

Jumamosi asubuhi Sista akaja kumfungua bandeji. Binti alikuwepo, mtoto begani, na Mama Thamosi alikuwepo na thamosi yake. Kwanza Sista akamvisha mkanda, maana ndio utaratibu. Kisha akaondoa pamba kwenye jicho la kulia.

Kitu cha kwanza Bibi Saba alichokiona kilikuwa thamosi. Ilikuwa nyekundu. Miezi yote alidhani ni ya bluu. Akamwona binti yake, amekonda mashavu, hajasuka nywele. Akatamani amkaripie. Ndipo binti akamgeuza mtoto.

Macho makubwa. Kidevu cha marehemu mume wake, kile kile, utadhani anakaribia kubisha. Bibi Saba akakigusa. Halafu akaangalia pua. Ilikuwa fupi, pana chini, ncha imeinuka kama ya mtu anayetazama juu ya kabati. Akainua jicho kwa Mama Thamosi. Pua ile ile, imezeeka tu.

Mama Thamosi alisubiri. Binti akasubiri. Kitanda cha sita kikaketi ili kisikie vizuri.

"Haya," akasema Bibi Saba, akijikaza. "Nilisema tangu mwanzo. Pua ni yangu tupu."

Sista akabonyeza. Mkanda ukavimba, ukalegea. Pii.

Sista akaangalia, akauma midomo, kisha akaigeuza mashine taratibu mpaka ikamkabili mgonjwa. "Sitaki kukusomea, Bibi. Siku hizi unaona. Soma mwenyewe."

Bibi Saba alizitazama zile tarakimu. Zilikuwa kubwa, nyeusi, safi, kama zimechorwa kwa ajili yake.

"Mia na ishirini," akasema.

Zilisomeka mia na themanini na tisa, na Mama Thamosi alishaanza kuzihesabu kwa sauti, moja moja, kwa faida ya kitanda cha sita.